Acheni Kuuza Randa ya Guka kwa Kilo

Wasee, leo nataka tuongee kuhusu mizani.

Ile mizani ya kuning'inia, yenye ndoano, ambayo jamaa wa chuma chakavu huja nayo mtaani akipiga kelele za vyuma kuukuu, betri mbovu na sufuria zilizotoboka. Mwaka jana mizani hiyo ilifika kwa shosho, kule Murang'a. Anko alikuwa ameamua kusafisha stoo ya guka apate mahali pa kuweka pikipiki. Akatoa sanduku la mbao lenye vifaa vyote vya guka, likamwagwa kwa gunia, gunia likatundikwa. Kilo 11. Shilingi 40 kwa kilo. Piga hesabu: shilingi 440 kwa zana za mtu aliyekuwa seremala karibu miaka arobaini. Hiyo pesa hainunui hata jogoo wa maana.

Nilipofika wiki mbili baadaye, shosho alinihesabia kwa vidole vilivyoenda. Misumeno miwili. Patasi tano. Tezo. Kekee ya kuzungusha kwa mkono. Nyundo, tupa, na "ile kitu ya kubana", yaani jiliwa. Kitu kimoja tu kilipona, na kilipona kwa sababu hakikuwa stoo. Shosho alikuwa anakitumia kuzuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Ilikuwa randa.

Kama wewe ni wa umri wangu na umekulia Umoja ama Githurai, kuna uwezekano hujawahi kushika randa. Ni kile kifaa cha seremala cha kulainisha mbao, unakisukuma mbele na mbao inatoka kama maganda ya viazi. Hii ya guka ni ya chuma, na imeandikwa Stanley No. 4, imetengenezwa Uingereza. Ilikuwa imepiga kutu mpaka ikafanana na mkate uliochomeka. Mimi nikaiona nikafikiria kitu kimoja tu: klipu.

Sasa hapa ndipo naanza kujishtaki mwenyewe, kwa hivyo wale mnaopenda kuniona nikianguka, karibuni.

Mnajua zile video. Mtu anaokota kitu kimeoza, anakisugua bila kuongea, muziki uko chini chini, dakika tatu baadaye kitu kinang'aa kama kioo. Huwa zinatazamwa sana juu zinatuliza roho. Basi nikaazima grinda kwa jamaa wa kuchomelea mageti, nikaweka diski ya msasa, nikaishambulia ile randa. Nilipiga soli, nikapiga mashavu, nikapiga kila mahali diski ingeweza kufika. Rangi nyeusi ya zamani ikaruka. Kisu chake nikakinoa kwa mashine hiyo hiyo mpaka cheche zikajaa skrini, na nikasema moyoni, hii ndiyo picha ya kuweka mbele. Kweli ikawa. Watu zaidi ya laki mbili waliitazama. Komenti ni moto tupu. Kuna mtu aliandika kwamba guka anatabasamu huko aliko.

Nikaenda kumwonyesha shosho. Mambo ya kwetu ni kwamba kifungua mimba wa kiume huitwa jina la babu yake upande wa baba, kwa hivyo mimi ndiye guka aliyerudi, na shosho huniita bwanangu, mbele ya watu, bila aibu. Akaitazama klipu kwa adabu, vile wazee hutazama simu. Halafu akaomba randa yenyewe. Akaishika, akapitisha kidole gumba kwenye shavu la kushoto, akarudisha, akapitisha tena.

"Na jina?"

"Jina gani, shosho?"

"Jina lake. Si jina lako?"

Kumbe guka alikuwa amegonga herufi zake pale kwa msumari wa chuma, nukta moja moja, P na N, ili mafundi wengine wasimwibie kule kazini. Nukta ndogo, zilizozama chini ya kutu. Mimi sikuziona kwa sababu sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa natafuta mng'ao. Na mimi pia ni P.N.

Hakunigombeza. Alisema tu chai inapoa.

Kwa hivyo nikisema acheni kuuza vifaa vya guka kwa kilo, siongei kama mtu msafi. Anko aliuza kwa shilingi 40, mimi niliuza kwa watazamaji. Yeye angalau hakudai kwamba anaokoa kitu.

Tatizo la pili lilijitokeza nilipojaribu kuitumia. Randa inayong'aa hivyo ilikuwa inararua mbao badala ya kukata. Nikaibeba kwa fundi mmoja Kariobangi, mzee mwenye karakana ndogo ya meza na vitanda, ambaye hana muda na mambo ya intaneti. Hakuangalia mng'ao. Alitoa kisu, akakielekeza kwa mwanga, akaona ukanda wa buluu kwenye makali.

"Kijana, umekichoma."

"Ni rangi tu, mzee. Nitaisugua."

"Rangi utaisugua. Ulaini hautoki kwa msasa."

Niliomba anielezee, na nawaelezea vile nilivyoelewa. Chuma cha kisu hupata ugumu wake kwa moto: hupashwa mpaka kiwe chekundu, hupozwa ghafla, halafu hupashwa tena kidogo ili kisiwe kigumu cha kuvunjika kama glasi. Ugumu huo umewekwa na mtu aliyejua kazi yake. Sasa ukija na grinda, ncha nyembamba ya kisu inapata joto haraka sana. Ikifika karibu nyuzi 300 chuma kinageuka buluu, na hapo ule ugumu umeshaondoka. Kinanoleka vizuri, kinakata kidogo, halafu makali yanakunjika kama karatasi. Zile cheche nilizozipenda kwa kamera zilikuwa sehemu ya kisu kuharibika.

Dawa ilikuwa kukata ile sehemu yote ya buluu na kuanza upya nyuma yake. Milimita tatu hivi. Alinikalisha kwenye jiwe la kuzungusha kwa mkono, na kopo la maji kando, na sheria moja: ukihisi joto kwa kidole, tumbukiza. Ilinichukua mchana mzima. Hakuna mtu angetazama hiyo video, na ni sawa tu.

Nataka kukaa kidogo kwa hii randa, juu enyewe kadiri nilivyoifuatilia ndivyo nilivyozidi kushangaa. Umbo lake ni la Mmarekani mmoja aliyeitwa Leonard Bailey. Kampuni ya Stanley ilinunua hataza zake mwaka 1869. Toka hapo, karibu kila randa ya chuma utakayoikuta, iwe ya Marekani, ya Uingereza, ya India ama ya China, inafuata mpango huo: kisu kimelazwa kwa nyuzi 45, gurudumu dogo la shaba nyuma la kushusha na kupandisha kisu, mkono wa kukinyoosha kushoto na kulia, na kipande kingine cha chuma juu ya kisu cha kuvunja ganda la mbao lisipasuke. Kisu cha No. 4 kina upana wa inchi mbili. Cha guka kikiisha, naweza kuingia duka la hadwea nikanunua kipya cha inchi mbili kilichotengenezwa mwaka huu, na kwa kawaida kitaingia. Zaidi ya miaka 150, na spea bado zinaingiliana. Simu yangu ina miaka mitatu na tayari nimeambiwa kioo chake hakiletwi tena.

Ama chukua msumeno. Misumeno ya zamani, kama ile ya Sheffield ya Spear & Jackson, meno yake ni ya chuma unachoweza kukinoa kwa tupa ya pembetatu. Ukichoka unakaa chini, unapiga tupa jino kwa jino, unayapinda moja kushoto moja kulia, unaendelea na maisha. Msumeno mwingi wa siku hizi wenye mpini wa plastiki una meno yaliyogumishwa kiwandani. Angalia ncha zake, utaona weusi ama ubuluu. Hayo yanakaa na makali kwa muda mrefu kweli, sitadanganya, lakini yakiisha yameisha, tupa inateleza juu yake. Ulinunua kitu ambacho tarehe yake ya kufa ilipangwa kabla hujafika kwa kaunta.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Sio kwamba vya kale ni vitakatifu. Ni kwamba kifaa cha zamani kilitengenezwa na mtu aliyeamini kwamba wewe, mwenye kifaa, una akili na mikono ya kukitunza. Sisi tumelelewa kama wateja tu. Kitu kikiharibika, tupa, nunua kingine. Tumeizoea hiyo mpaka tunaitumia kwa vitu ambavyo havikuharibika kabisa, vilichafuka tu.

Na shule haikusaidia. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulikuja na habari kubwa ya masomo ya mikono, useremala ukiwa mmoja wao. Nilipofika mimi, karakana ya sekondari yetu ilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Fikiria hiyo picha: chumba kilichojengwa cha kufundisha watoto kutengeneza madawati, kimejaa madawati ambayo hakuna anayejua kuyatengeneza. Halafu nikaenda chuo nikasoma biashara kwa mihula minne, karo ikakwama, nikatoka. Kwa mihula hiyo yote hakuna aliyewahi kuniuliza naweza kufanya nini kwa mikono. Wa kwanza kuniuliza ni huyo mzee wa Kariobangi, na jibu lilikuwa hakuna.

Tumepoteza hata majina. Jaribu kumtuma mtu wa rika letu patasi, tezo, kekee ama timazi, uone vile atakutazama. Na haya si maneno ya kitabu. Pale Matondoni, kisiwani Lamu, mafundi wa majahazi bado wanachonga mbao kwa tezo, na kekee ya uta bado inajulikana, ile unayoivuta kwa upinde mbele na nyuma mpaka tundu litoboke. Neno msasa lenyewe lina hadithi. Leo ni karatasi unayonunua kwa namba, 80, 120, 240. Lakini msasa ni mti kwanza, wenye majani yanayokwaruza, na watu wa pwani walilainishia mbao kwa majani hayo kabla karatasi haijafika. Nilipojua hivyo nilikaa na kipande cha msasa mkononi kama mtu aliyepigwa na butwaa. Nimelisema hilo neno maisha yangu yote bila kujua nasema jina la mti.

Sawa. Wacha nijibu komenti kabla hamjaziandika.

Kuna wale watasema, P.N. unapamba umaskini, mafundi wanataka mashine wewe unawauzia hadithi za guka. Hiyo naikubali nusu. Yule mzee ana mashine ya umeme ya kupiga randa na anaipenda kama mtoto. Analipwa kwa kitanda, halipwi kwa saa, na asingekubali kupiga randa mbao ya kitanda kizima kwa mkono eti ndio aonekane halisi. Lakini stima ikipotea, na mnajua inapotea, karakana za jirani zinafunga, yeye anashusha randa ya mkono kutoka kwa ukuta. Na hata stima ikiwepo, mlango ukigoma kufunga kwa sababu ya mvua, habebi mashine mpaka kwa mteja. Anabeba randa kwa mfuko wa plastiki, anapitisha mara nne, analipwa, anarudi. Kwake hicho kifaa si kumbukumbu ya kitu chochote. Ni kifaa.

Kuna wale watasema kila cha zamani ni bora. Hapana, maze. Kulikuwa na takataka zamani pia, ni vile tu zilishatupwa. Nimenunua Gikomba nyundo ya "kikoloni" iliyokuwa na ufa kichwani ukinisubiri. Na kitu kilichonifungua macho zaidi ni patasi anayoipenda yule mzee kuliko zote. Haina nembo wala haikutoka Sheffield. Ilifuliwa na mafundi wa jua kali kutoka kwa springi ya lori, ikatiwa mpini wa mti wa kienyeji, na inakaa na makali kushinda patasi mpya aliyoletewa na mtoto wake kama zawadi. Chuma cha springi ni chuma kizuri, kimetengenezwa kubeba mzigo na kurudi. Ukipita Kamukunji ukasikia zile nyundo zikigonga madumu kuwa masanduku na majiko, unasikia watu ambao waligundua mapema kwamba chuma hakifi. Kwa hivyo nikisema usiuze kwa kilo, simtukani mtu wa chuma chakavu. Yeye ana njia yake ya kukirudisha chuma kazini, na wakati serikali iliposimamisha biashara hiyo mwaka 2022 kwa sababu ya watu waliokuwa wanakata nyaya na nguzo, wengi wao waliumia bila kuiba chochote. Ninachosema ni kwamba randa nzima kuyeyushwa iwe nondo ni sawa na kumchinja ng'ombe wa maziwa juu umekosa nyama ya jioni moja.

Sasa, kwa wale ambao tayari wametoka kwenda kuangalia chini ya kitanda cha shosho, hivi ndivyo ningefanya ile randa kama ningerudi nyuma.

Kwanza usiguse. Piga picha pande zote. Futa vumbi kwa kitambaa na mafuta kidogo, halafu tafuta alama kwa kidole, sio kwa macho: jina, herufi, mwaka, namba ya kampuni. Uliza waliobaki. Swali la dakika moja kwa shosho lingeniokoa.

Kutu iliyo juu juu inatoka kwa siki ya kawaida. Tumbukiza usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya laini ama waya wa sufuria, suuza. Usiache siku nyingi, juu siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Ukitoa, chovya kwenye maji yenye magadi ili kuua ile asidi, kausha haraka, kwa jua ama karibu na jiko, na upake mafuta hapo hapo. Chuma kikitoka majini kiwe uchi, kutu mpya inaanza kabla hujamaliza chai.

Kwa kutu iliyokomaa kuna njia ya umeme, na hii ndiyo naipenda kuliko zote. Ndoo ya plastiki, maji, vijiko vichache vya magadi. Ndiyo, magadi yale yale ya kulainishia maharagwe na mahindi, ya kutoka Ziwa Magadi huko Kajiado, ingawa soda ya kiwandani ni safi zaidi. Toa kwanza kila kipande cha mbao. Kifaa chako kinafungwa kwa waya wa hasi wa chaja ya betri ya gari, kipande cha chuma chakavu kwa waya wa chanya, na visigusane ndani ya maji. Washa. Mapovu yanatoka, kutu inalegea yenyewe, na chuma kizima hakikwanguliwi hata kidogo. Alama za nukta zinabaki. Mambo matatu ya kushika: fanya nje, juu yale mapovu ni gesi inayowaka moto, zima umeme kabla ya kuingiza mkono, na usitumie kamwe kijiko ama sufuria ya chuma isiyoshika kutu upande wa chanya, kwa sababu inaweza kutoa sumu ndani ya hayo maji.

Soli unainyoosha kwa msasa uliobandikwa juu ya kipande kinene cha kioo. Chora mistari ya penseli chini ya randa, isukume, angalia mistari inafutika wapi. Huhitaji soli nzima kufutika. Ncha ya mbele, sehemu iliyo mbele tu ya mdomo na mwisho zikigusa, inatosha. Kisu kinanolewa kwa nyuzi 25 hadi 30, na upande wake wa mgongo uwe bapa kabisa karibu na makali, hapo ndipo wengi wetu tunaruka. Mpini wa mbao usiupige vanishi ya kung'aa. Mafuta ya kitani yanatosha, na kitambaa ulichopakia ukitandaze nje kikauke. Ukikikunja na kukitupa kwa kona kinaweza kushika moto chenyewe. Sio hadithi, ni kemia.

Na tafadhali, ile tabia ya kutumbukiza jembe ama shoka ndani ya maji ndio mpini ukaze: inakaza leo, mbao ikikauka inalegea zaidi ya jana. Kichwa cha shoka kikiruka hakichagui mtu. Toa mpini, chonga mwingine, weka kabari.

Kuhusu hizo video zetu, nitasema moja tu kwa wenzangu wa kamera. Kuna watu wanachukua kitu kizima, wanakimwagia chumvi na asidi kishike kutu, ndio waje "kukiokoa" mbele ya kamera. Sikufanya hivyo. Lakini nikijiangalia, mimi nilikuwa binamu yao. Kifaa kilichong'arishwa mpaka kikapoteza jina la mwenyewe na makali yake, halafu kikawekwa juu ya rafu nyuma ya mtu anayeongea, hakijarudishwa popote. Niliifuta ile klipu. Watu wengine walinitumia ujumbe wakiuliza kwa nini, na hii ndiyo sababu.

Randa iko Kariobangi sasa hivi, inafanya kazi. Siku za Jumanne na Alhamisi nakuwa pale, sio kama fluensa, kama mtoto wa kufagia. Nimetengeneza kigoda kimoja chenye miguu inayolingana karibu. Shosho amekikalia, akasema kinacheza kidogo upande wa kulia, na ni kweli kinacheza. Mzee aliniambia nikitaka niweke herufi zangu mahali pale pale, kwenye shavu la kushoto, nukta kwa nukta. Nilishika msumari na nyundo nikarudisha chini. Herufi ni zile zile, lakini mwenye kuzigonga mara ya kwanza alikuwa amezifanyia kazi. Mimi nina kigoda kinachocheza.

Jana usiku anko amepiga simu. Anasema kuna msumeno amepata juu ya dari wakati wa kubadilisha mabati, mpini wa mbao, una kutu sana, kama naona una maana. Nimemwambia asiguse. Kesho napanda matatu ya saa kumi na moja asubuhi, kabla yule wa mizani hajapita.